Rakuni akivamia pipa la kulungu, mlinde mtoto kwanza

Mashambani katika jimbo la Texas, Marekani, si ajabu kukuta pipa la mahindi limesimamishwa juu ya miguu mitatu ya chuma, nyuma ya nyumba au pembezoni mwa shamba. Ni pipa la kulishia kulungu. Wengi huliweka kwa ajili ya uwindaji, lakini zipo familia zinazoliweka ili watoto wawaone tu wanyama hao wakija kula asubuhi na jioni.

Chini ya pipa hufungwa mota ndogo ya betri yenye sahani inayozunguka. Saa iliyopangwa ikifika, sahani huzunguka kwa sekunde chache na kutawanya mahindi ardhini. Kulungu hula, kisha huenda zao.

Usiku huja mgeni mwingine. Rakuni ni mnyama wa ukubwa wa paka mkubwa au mbwa mdogo, mwenye weusi kuzunguka macho kana kwamba amevaa barakoa, na mkia wenye pete. Vidole vya miguu yake ya mbele ni vyepesi kama vya mtu. Hupanda miguu ya pipa, hujining'iniza na kuizungusha sahani mwenyewe hadi mahindi yamwagike. Mkulima aliyewahi kupambana na ngedere shambani anaujua mchezo huu, ila rakuni huucheza watu wakiwa wamelala.

Mwenye pipa kwa kawaida hupigia hesabu mahindi yaliyoliwa. Kwa nyumba yenye watoto wadogo, hesabu kubwa zaidi ni ya kinyesi ambacho rakuni huacha.

Hatari iliyo kwenye kinyesi

Rakuni wengi wana minyoo ya tumbo iitwayo kitaalamu Baylisascaris procyonis. Rakuni mmoja mwenye minyoo hiyo anaweza kutoa mamilioni ya mayai kwa siku. Mayai yakishatoka huchukua wiki mbili hadi nne kabla ya kuweza kuambukiza, na baada ya hapo yanaweza kudumu kwenye udongo kwa miaka.

Rakuni pia wana tabia ya kurudia choo kimoja. Hupendelea chini ya mti, juu ya gogo, kwenye rundo la kuni, kwenye paa, na hata kwenye mchanga wa kuchezea watoto. Wakizoea kupata chakula sehemu moja kila usiku, uwezekano wa kuweka choo karibu na hapo huongezeka.

Mtoto anayetambaa au anayeanza kutembea ndiye aliye hatarini zaidi, kwa kuwa kila anachookota hukipeleka mdomoni. Mayai yakimezwa huanguliwa tumboni, na minyoo michanga husafiri mwilini. Inaweza kufika kwenye ini, macho au ubongo. Dalili ni pamoja na kichefuchefu, uchovu, kuyumba, kupungua kwa uwezo wa kuona na kupoteza fahamu.

Wagonjwa waliothibitishwa ni wachache, lakini ubongo ukishaathirika mtoto anaweza kufariki dunia au kubaki na ulemavu wa kudumu. Ndiyo sababu mzazi aliyemwona mtoto akila udongo au kitu kilichochafuliwa na kinyesi cha rakuni hapaswi kusubiri dalili. Anatakiwa kumpeleka kwa daktari siku hiyohiyo na kutaja rakuni kwa jina. Dawa ya minyoo aina ya albendazole husaidia zaidi ikianza mapema, ikiwezekana ndani ya siku tatu.

Rakuni anaweza pia kuambukiza kichaa cha mbwa. Mtoto akiumwa au kukwaruzwa, kidonda kioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha apelekwe hospitali mara moja, hata kama jeraha ni dogo.

Namna ya kumzuia

Hatua ya kwanza haina gharama: kubadili saa. Rakuni hutembea zaidi usiku. Mota ikipangwa kutoa mahindi asubuhi baada ya jua kuchomoza, na mengine mchana kabla ya jioni, kulungu hupata muda wa kula yote. Sekunde za kuzunguka zipunguzwe hadi giza linapoingia isibaki punje chini.

Pili, mota na sahani vizungushiwe kizimba cha nondo au waya mgumu. Nafasi ziwe za kupitisha punje za mahindi, zisiwe za kupitisha mkono wa rakuni hadi kwenye sahani.

Tatu, miguu ya pipa izuiwe isipandike. Wengine huivika mabomba mapana ya plastiki laini, wengine hufunga bati lenye umbo la faneli iliyogeuzwa. Pipa lisikae chini ya matawi, maana rakuni asiyeweza kupanda kutoka chini atashukia juu.

Nne, mfuniko ufungwe kwa komeo. Rakuni akiulegeza, mvua huingia na mahindi huota ukungu. Mahindi hayo yanaweza kuwa na sumu kuvu, sumu ileile iliyoua watu 125 mashariki mwa Kenya mwaka 2004. Yakishaota ukungu yatupwe. Magunia ya akiba nayo yahifadhiwe kwenye pipa la chuma lenye mfuniko, mbali na mikono ya watoto.

Yapo mambo ya kuepuka. Sumu inaweza kumuua mbwa wa nyumbani au kumfikia mtoto. Grisi kwenye miguu ya pipa huganda kwenye manyoya ya wanyama na mabawa ya ndege. Pilipili kwenye mahindi haiwasumbui ndege, lakini humfukuza kulungu pamoja na rakuni. Kumtega rakuni na kwenda kumwachia kwingine kumewekewa masharti katika majimbo mengi, hivyo ofisi ya wanyamapori ya jimbo iulizwe kwanza. Hata kulisha kulungu kumepigwa marufuku katika baadhi ya maeneo, kwa sababu wakikusanyika pamoja huambukizana ugonjwa hatari unaoharibu ubongo wao.

Choo kikipatikana

Watoto na mbwa waondolewe kwanza. Anayesafisha avae glavu, buti za mpira na barakoa. Kinyesi kichotwe kwa sepetu pamoja na udongo wa juu, kiwekwe kwenye mifuko miwili na kutupwa. Sehemu hiyo imwagiwe maji yanayochemka, kwa sababu dawa za klorini za kusafishia nyumba haziui mayai hayo. Sepetu na buti navyo vimwagiwe maji ya moto. Mchanga wa kuchezea uwe na kifuniko kila usiku, na watoto wanawe mikono kwa sabuni wanapoingia ndani.

Familia yenye mtoto chini ya miaka mitano inafaa kuliweka pipa mbali kabisa na uwanja anaochezea. Uzio ukishawekwa, saa ikabadilishwa na rakuni bado wanakuja, pipa liachwe tupu kwa wiki kadhaa ili wanyama hao wasahau njia. Kulungu watarudi kwenye majani na matunda ya porini, na watoto wanaweza kuwatazama kutoka dirishani wakipita.