Seleniamu Haimwagwi Ovyo Horini

Hoja kwamba kila farasi aongezewe virutubisho vya dukani ili kinga yake ipande inaichukulia kinga kama kitu cha kuongezwa bila kikomo. Sivyo. Kinga ikifanya kazi kupita kiasi huleta mzio, na farasi anayekohoa kwa vumbi la nyasi kavu hahitaji kuchochewa zaidi.

Seleniamu ndiyo hupigiwa debe zaidi. Ni kweli inahitajika, kwani ikipungua chembe nyeupe za damu hudhoofika. Lakini farasi wa kilo 500 hutosheka na takribani miligramu 1 kwa siku. Ikizidi kwa muda mrefu, singa za shingoni na mkiani hunyonyoka, na kwato hupasuka kwa mkingamo hadi mnyama anachechemea. Mwaka 2009, huko Wellington, Florida, farasi 21 wa polo walikufa baada ya kudungwa sindano ya virutubisho iliyochanganywa vibaya, yenye seleniamu nyingi mno. Muuzaji atadai ile ilikuwa sindano, si unga wa kuchanganya na pumba. Sawa, ila makopo matatu ya kampuni tofauti, kila moja na seleniamu yake, nayo yanaweza kupitiliza kipimo, na ni nani anayejumlisha?

Vitamini E ina hoja nzuri zaidi: majani mabichi huwa nayo tele, lakini hupotea yakikaushwa. Basi farasi wa kufungiwa bandani huenda akaihitaji. Wa malishoni, mara nyingi hapana. Na dhidi ya pepopunda, hakuna unga unaoshika nafasi ya chanjo.