TAHARIRI: Jeraha la nafsi nalo lina tabibu wake

Sifa zote njema zinamstahikia Mwenyezi Mungu, Mola Mlezi wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), pamoja na watu wa nyumba yake na sahaba zake.

Ndugu Waislamu, mwezi huu tumeonelea tulizungumze jambo ambalo misikitini mwetu, kuanzia Kasulu mjini hadi vijiji vya mpakani upande wa Kibondo, huzungumzwa kwa kunong'ona, kama huzungumzwa kabisa. Nalo ni hali ya mtu aliyefanyiwa ukatili mkubwa, akabaki hai, lakini nafsi yake haijarudi mahali pake. Usiku halali. Mlango ukigongwa hutetemeka. Hukaa juu ya mswala rakaa zikampita asijue ameswali ngapi. Akiwa ni mtoto, huanza kukojoa kitandani baada ya kuwa alikwishaacha, na shuleni hunyamaza. Watu wa nyumbani hukutana wakashauriana, na ushauri unaotoka mara nyingi huwa ni ule ule: ana jini, apelekwe kwa fundi.

Nyanda zetu hizi zina sababu zaidi ya nyingi za kulijua jambo hili. Warundi walikimbilia kwetu mwaka 1972, wakaja tena kwa maelfu baada ya Rais Ndadaye kuuawa Oktoba 1993, na tena mwaka 2015. Wakongo wakapokewa Nyarugusu, wilayani Kasulu, tangu mwaka 1996. Mtabila ilifungwa mwaka 2012. Nduta ikafunguliwa tena mwaka 2015. Mtendeli ikafunguliwa mwanzoni mwa 2016 na kufungwa mwaka 2021. Watu walioingia katika kambi hizo hawakubeba magodoro na masufuria tu. Walibeba waliyoyaona njiani. Wala kambini hawakusalimika wote: shirika la Human Rights Watch lilieleza katika ripoti yake ya mwaka 2000 namna wanawake wakimbizi wa Kibondo na Kasulu walivyokuwa wakinajisiwa walipokwenda kutafuta kuni, na namna wengine walivyopigwa na waume zao ndani ya mahema yao. Baadhi ya waliowadhulumu porini walikuwa wenyeji wa vijiji vyetu. Tusilikwepe hilo.

Wala asidhani msomaji kwamba haya ni ya wakimbizi peke yao. Uchunguzi wa kitaifa uliofanywa nchini mwaka 2009, matokeo yake yakatolewa mwaka 2011, ulionyesha kwamba karibu wasichana 3 katika kila 10, na takriban mvulana 1 katika kila 7, walikuwa wamefanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18. Hizo ni hesabu za Tanzania nzima, na ndani yake wamo watoto waliokaa safu za nyuma katika madrasa zetu. Kituo cha Kabanga, hapa hapa Kasulu, kilipokea watoto wenye ualbino waliokimbia wawindaji wa viungo vya binadamu baada ya mauaji kushamiri kuanzia miaka ya 2007 na 2008. Mtoto aliyewahi kulala akisubiri kukatwa mkono hahitaji kupewa jina la ugonjwa ili tujue kuwa ameumia.

Sasa turudi kwa huyo fundi. Kisomo cha Qur'ani kwa mgonjwa hatukikatai. Ni Sunna, na ni faraja. Tunachokikataa ni biashara iliyovishwa kanzu. Mwanamke aliyenajisiwa hupelekwa kwa mtu ambaye humfungia naye chumbani, akamwambia kwamba jini lake ni jini mahaba, akamfukiza, akamchapa fimbo "ili jini litoke", na wengine, Mwenyezi Mungu atulinde, wakamfanyia tena lile lile lililomleta hapo. Mwanamume kukaa faragha na mwanamke asiye maharimu wake ni haramu, na haramu hiyo haibadiliki kuwa halali kwa sababu mwanamume huyo ameshika msahafu. Mzazi asiyekubali binti yake akae peke yake na kijana wa jirani, kwa nini amkabidhi kwa mganga asiyemjua na kulipia juu?

Wapo watakaosema kuwa kwenda kwa mshauri wa nafsi ni desturi ya wazungu, na kwamba Muislamu mwenye imani timamu hana haja nayo. Maneno haya hayana msingi katika dini wala katika historia yetu. Nabii Yaaqub (a.s.) alimlilia mwanawe Yusuf mpaka macho yake yakawa meupe, naye alikuwa Nabii. Mwaka aliofariki Bi Khadija na Abu Talib, wanazuoni waliuita Mwaka wa Huzuni, wala hakuna aliyesema kuwa Mtume (s.a.w.) alipungukiwa na imani. Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka 322 Hijria (934 Miladia), aliandika kitabu kizima juu ya maslahi ya miili na nafsi, akawalaumu matabibu wa zama zake kwa kuutibu mwili na kuisahau nafsi. Alitofautisha huzuni yenye sababu inayojulikana na ile isiyojulikana sababu yake, akaeleza kwamba kila moja ina namna yake ya kutibiwa. Huko Kairo, mwaka 1284, Sultani Qalawun alikamilisha hospitali iliyoendeshwa kwa mali ya wakfu, nayo ilikuwa na sehemu yake maalumu kwa wagonjwa wa akili. Zaidi ya miaka 700 baadaye, sisi tunamfunga mgonjwa kamba kwenye mwembe.

Je, mazungumzo yanatibu? Hili ni swali la haki, na jawabu lake halipo mbali. Lipo ng'ambo ya Ziwa Tanganyika. Mwaka 2013 yalitangazwa matokeo ya utafiti uliofanywa katika vijiji 16 vya Kivu, mashariki ya Kongo, kwa wanawake 405 walionusurika na ukatili wa kingono au walioushuhudia. Vijiji vingine vilipewa msaada wa kawaida, yaani mwanamke kuonana na msaidizi mmoja mmoja kila alipohitaji. Vijiji vingine vilipewa tiba ya vikundi: wanawake sita hadi wanane, vikao 12, wakifundishwa kuyatazama mawazo yanayowatesa, kama vile "nilijitakia mwenyewe" au "sina thamani tena", na kuyapima kama ni kweli. Walioendesha vikao hivyo hawakuwa madaktari. Walikuwa wanawake wa huko huko, wenye miaka michache ya masomo baada ya shule ya msingi, waliopewa mafunzo na kusimamiwa. Miezi sita baada ya tiba, waliobaki na dalili za sonona au hofu iliyopita kiasi walikuwa asilimia 9 katika vikundi vile, na asilimia 42 kwa wale wa msaada wa kawaida. Na mwaka 2020 yakatangazwa matokeo ya Moshi na ya Bungoma, Kenya, ambako watoto mayatima 640 walishirikishwa katika utafiti wa tiba ya namna hiyo, nako pia wahudumu walikuwa raia wa kawaida waliofundishwa.

Tumelirefusha hilo kwa makusudi, kwa sababu lina maana kubwa kwa watu wa Kibondo. Mabingwa wa magonjwa ya akili nchini ni wachache mno, na wengi wao wako Dar es Salaam, Dodoma na miji mikubwa. Anayesubiri bingwa aje atangoje sana. Lakini jeraha la namna hii, kwa walio wengi, halihitaji bingwa kwanza. Linahitaji mtu aliyefundishwa, mwenye subira, anayejua mpaka wa ujuzi wake na anayempeleka mgonjwa mbele anapouona mpaka huo.

Basi aanzie wapi? Ikiwa tendo ni la karibuni, aanzie hospitali, na aende siku ile ile. Dawa za kuzuia virusi vya UKIMWI hufaa zikianzwa ndani ya saa 72, na kila saa inayopita hupunguza manufaa yake. Asioge wala asifue nguo alizovaa, kwa kuwa hizo ni ushahidi. Polisi hutoa fomu iitwayo PF3, ambayo daktari huijaza na mahakama huitegemea. Vituo vingi vya polisi vina Dawati la Jinsia na Watoto, na mwanamke ana haki ya kuomba asikilizwe na askari wa kike mahali pa siri. Ikiwa tendo ni la zamani, aende hospitali ya wilaya aulizie mhudumu wa afya ya akili, au aende ofisi ya halmashauri amwone afisa ustawi wa jamii. Hali ikizidi, akawa anasikia sauti au anasema atajiua, asicheleweshwe. Apelekwe hospitali ya mkoa ya Maweni, Kigoma, ambako madaktari wataamua kama inapasa kumpeleka Mirembe, Dodoma. Kwa watoto ipo namba 116, nayo ni bure kwa simu.

Jinsi ya kumjua mshauri mwema si vigumu kama inavyodhaniwa. Humwuliza mgonjwa anataka nini kabla ya kumwambia afanye nini. Hamlazimishi kusimulia yote siku ya kwanza. Ajuaye kazi hujua kwamba kidonda hakifunguliwi kabla ya kuandaa bandeji. Siri huitunza, na humweleza tangu mwanzo ni siri gani asiyoweza kuitunza, kama ile ya mtoto anayeendelea kudhuriwa. Hamgusi. Hamwambii asamehe kabla ya wakati wake. Hamwulizi alikuwa amevaa nini. Mwanamke akitaka mshauri mwanamke, ombi hilo ni la haki kisharia na kitabibu. Asipopatikana, maharimu wake au mwanamke anayemwamini na akae karibu, mlango ukiwa wazi, umbali ambao maneno hayasikiki. Mshauri akimchukiza baada ya kikao kimoja au viwili, atafute mwingine. Kukosana na mmoja si dalili kwamba tiba haifai.

Tumeulizwa mara nyingi kama inajuzu kwa Muislamu kutibiwa nafsi yake katika hospitali za misheni, kwa kuwa Kasulu na jirani zake, Kabanga kwa mfano, ndizo zilizo karibu na wengi. Mtume (s.a.w.) alipohama Makka, roho yake na ya Abu Bakr (r.a.) zikiwa hatarini, aliyewaongoza njia alikuwa Abdullah bin Urayqit, naye siku hiyo hakuwa Muislamu. Alichaguliwa kwa kuwa alikuwa mjuzi wa njia na mwaminifu. Vipimo ndivyo hivyo viwili. Mshauri akianza kumvuta mgonjwa kwenye dini yake, amevunja uaminifu wa kazi, na mgonjwa na aondoke. Asipofanya hivyo, hakuna kizuizi.

Limebaki lililo zito kuliko yote, nalo ni neno "sitara". Binti amenajisiwa na ami yake, au na mwalimu wake wa madrasa, na wazee hukutana usiku wakamaliza kwa mbuzi wawili na fedha kidogo, au kwa kumwoza binti huyo kwa aliyemdhulumu, kisha wakasema wamemsitiri Muislamu mwenzao. Sitara iliyofundishwa na dini ni kutomwumbua mtu aliyeteleza baina yake na Mola wake. Dhalimu anayewinda watoto hakuteleza, na kumficha ni kumwekea mtego mtoto wa pili. Mwenye kulazimishwa hana dhambi. Hilo ni la makubaliano ya wanazuoni. Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998 iliweka kifungo cha miaka 30 kwa mbakaji, na hakuna kikao cha ukoo wala cha msikiti chenye mamlaka ya kukibadilisha kuwa mbuzi. Na tuseme wazi: mtoto anayemwona aliyemdhuru akiswalisha Ijumaa hawezi kupona kwa mshauri yeyote, hata angekuwa bora wa Afrika Mashariki, kwa sababu kila wiki jeraha hufunguliwa upya mbele yake.

Kwa hiyo maombi yetu kwa kamati za misikiti ni machache. Imamu ajue jina la afisa ustawi wa jamii wa wilaya yake na la mhudumu wa afya ya akili wa hospitali iliyo karibu, na awatembelee kabla hajawahitaji. Wanawake wawili katika kila jamaa wachaguliwe na wanawake wenyewe, wapelekwe mafunzo ya kusikiliza, ili dada aliyeumia awe na mlango wa kubisha usio wa ofisi. Hakuna mwalimu wa madrasa atakayebaki peke yake na mtoto chumbani, awe nani. Na sehemu ya sadaka ya Ijumaa itengwe kwa nauli: kutoka Kibondo hadi Maweni ni zaidi ya kilomita 200, na tiba ni vikao vingi, si kimoja. Mama aliyeuza gunia lake la mahindi ili afike kikao cha kwanza, cha pili hatakuwa na la kuuza.

Wabillahi tawfiq.