Kiinua mgongo kiwekwe benki kwanza

Elon Musk alipoinunua Twitter kwa dola bilioni 44, Oktoba 2022, takriban bilioni 13 kati ya hizo zilikuwa mkopo, na mzigo wa kuulipa ukatwishwa kampuni yenyewe. Wiki moja baadaye karibu nusu ya wafanyakazi 7,500 walikuwa nje. Anayebaki aliandikiwa kwenye anwani ya kazini. Anayeondoka, kwenye barua pepe yake binafsi. Tangazo lilitiwa saini kwa neno moja, Twitter. Hakuna bosi aliyeweka jina lake.

Accra ndiko walikodhulumiwa zaidi. Ofisi hiyo, ya kwanza ya Twitter barani Afrika, ilitangazwa kwa shangwe Aprili 2021, Ghana ikisifiwa kuwa kinara wa demokrasia. Wafanyakazi wake, wasiofika hata 20, walifanyia kazi nyumbani hadi walipopata jengo. Siku chache tu baada ya kuingia, karibu wote wakafutwa. Musk alitangaza kwamba kila aliyeondolewa ameahidiwa malipo ya miezi mitatu. Wa Accra waliambiwa watalipwa mpaka Desemba 4, basi.

Sheria ya Kazi ya Ghana ya mwaka 2003 inataka Ofisa Mkuu wa Kazi apewe taarifa miezi mitatu kabla ya wafanyakazi kupunguzwa, na malipo yajadiliwe. Vijana wale wakalazimika kutafuta wakili, na fedha zao zikaja baada ya zaidi ya mwaka mzima. Mwenye kodi ya nyumba na ada ya watoto hawezi kungoja hivyo, na mwajiri tajiri analijua hilo vizuri.

Mnunuzi ana haki ya kupanga upya kampuni yake. Hana haki ya kulipia deni lake kwa jasho la wengine.

Kwetu Tanzania, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inaamuru notisi na mashauriano kabla ya kupunguza watu. Haimlazimishi mnunuzi kutenga fedha mapema, na hapo ndipo mfanyakazi anapoachwa mikono mitupu. Mamlaka ya Ushindani ya Kenya imeshawahi kuidhinisha ununuzi kwa sharti la kulinda ajira. Tume ya Ushindani ya Tanzania nayo isitoe kibali cha kampuni yoyote kununuliwa mpaka stahiki za wafanyakazi wote ziwe zimewekwa katika benki ya hapa nchini.