Anza na stima, kadi itafuata

Juzi kijana mmoja wa Section 58 alinionyesha orodha ya kompyuta anayotaka kujiundia. Gemu jioni, kurenda kwa Blender usiku, na mashine iishi miaka kumi. Orodha ilianza na kadi ya grafiki ya bei ya kutisha, ikaisha na pawa saplai "yoyote". Nikamwambia, ndugu yangu, orodha yako imesimama kichwa chini miguu juu.

Najua nitapingwa. Kila ukiuliza unaambiwa tupa pesa kwenye kadi kwanza. Huo ni ushauri wa watu ambao kwao stima haipotei! Sisi kaunti yetu ndiyo yenye mvuke wa Olkaria, na bado tarehe 25 Agosti 2023 karibu Kenya nzima ililala gizani, ikarudia Novemba na Desemba mwaka huohuo. Hayo ni yale yaliyofika kwenye habari. Ya mtaani, taa inafifia, inang'aa kupita kiasi, inazima, hakuna anayeyahesabu.

Na mara nyingi mashine haiuawi na stima ikiondoka, huuawa ikirudi. Mimi somo hili nililipia. Kompyuta yangu ya kwanza ilikuwa na pawa saplai nyepesi kama kopo tupu. Jioni moja stima ikarudi, nikasikia "paa!" na harufu ya kuungua. Ilikufa, ikafa na bodi kuu. Kadi niliyojivunia ilipona, ikakaa kabatini miezi mitano ikikosa pa kuchomekwa.

Kwa hiyo katika kila shilingi 100 mimi natenga 20 za stima, kabla sijagusa kitu kingine. Soma kibandiko cha pawa saplai: iandikwe inapokea volti 100 hadi 240, maana hiyo huvumilia volti zikishuka. Ile yenye swichi nyekundu ya 115/230, mwachie muuzaji. Halafu UPS yenye kurekebisha volti, na hapa watu wengi hudanganyika na namba. UPS ya 650VA haibebi wati 650, nyingi hazifiki hata 400. Kadi ya RTX 3060 peke yake inakula hadi wati 170, prosesa bado. Tena UPS si ya kurenda mpaka asubuhi, ni ya kukupa dakika chache uhifadhi kazi na kuzima. Ndiyo maana katika Blender usirende moja kwa moja kuwa video. Toa picha za PNG moja moja, ondoa alama kwenye Overwrite, na stima ikirudi utaendelea ulipoachia.

Kuna wanaosema nunua tu mtumba wa Uingereza uchomeke kadi. Kwa kazi ya ofisi nakubali. Lakini chukua Dell OptiPlex 9020 ile ya mnara: pawa saplai yake ni ya wati 290, na plagi yake ya bodi ina pini 8 badala ya 24 za kawaida. Ikiungua, hutaingia duka lolote ukatoka na nyingine. Prosesa zake za kizazi cha nne hazimo kwenye orodha ya Windows 11, na msaada wa kawaida wa Windows 10 uliisha tarehe 14 Oktoba 2025. Miaka kumi gani hiyo? Rahisi ghali.

Linganisha na soketi ya AM4. Baadhi ya bodi za 2017 zilipokea Ryzen 7 5800X3D ya 2022 kwa kusasisha BIOS tu. Hayo ndiyo maisha marefu.

Na vumbi! Jina lenyewe la Nakuru husemekana limetoka Kimaasai, mahali pa vumbi. Kasha liwe na vichujio, na brashi ipite kila mwezi.

Utasema pesa hazitoshi. Basi punguza kadi, maana kadi hubadilishwa kwa dakika kumi. Kwa kurenda, afadhali 3060 ya mtumba yenye GB 12 kuliko mpya yenye GB 8, kwa sababu mandhari isipoenea kwenye kumbukumbu ya kadi, kazi inakwama.

Kijana alinuna kidogo. Kisha akauliza UPS ya kubeba wati 500 inapatikana wapi mjini. Tunakwenda Jumamosi, na kibandiko tutakisoma kabla ya kutoa pesa.