Muhindi yenye kuoza si chakula ya imbwa



Kisha mavuno ya sezoni A tulipita katika koperative mbili, moja upande wa Masisi, ingine upande wa Walikale. Tulikuwa tunafundisha kuchagua muhindi: nzuri ndani ya gunia, yenye kuoza pembeni. Wamama walituuliza hii yenye kuoza ipelekwe wapi. Tulijibu mbio mbio kama haifai kwa mutu wala kwa soko, tukaendelea na kazi. Majuma machache kisha, mama moja akatuambia kama imbwa zake mbili zimekufa. Zilikataa chakula, zikatapika, macho na ufizi vikakuwa manjano. Alikuwa anazipikia bugali ya ile muhindi. Majirani walisema ni mwizi aliweka sumu.

Hatukupima kitu, kwa hiyo hatuwezi kuapa. Lakini dalili zile ni za ini yenye kuharibika, na tunajua kinachoharibu ini kwa namna ile: aflatoksini, sumu yenye kutengenezwa na kuvu ya muhindi na karanga zilizobaki na unyevu. Imbwa inaisikia sana kuliko wanyama wengi. Na moto hauiondoe. Mukipika saa nzima, sumu inabaki. Watu pia inawaua: Kenya, mwaka wa 2004, muhindi ya namna hiyo iligonjesha watu 317, na 125 wakafa. Basi kosa ni letu. Tulisema "si ya mutu", watu wakasikia "ni ya imbwa".

Tunajua kuna watakaokasirika. Watoto hawashibi, familia ziko katika kukimbia vita, na hawa waagronome wanatuletea mambo ya imbwa! Mutoto ni wa kwanza, hakuna mabishano hapo. Lakini tuangalie ile imbwa inafanya nini. Masisi inalala na mbuzi na ngombe, inabweka mutu akikaribia. Walikale inafukuza nyani na nguruwe ya pori mbele hayajamaliza shamba, na inaenda na bwana wake katika pori. Ile ni kazi. Imbwa yenye njaa inaacha zizi usiku, inaenda kutafuta maiti na mavi. Sisi tunaona mufanyakazi huyu anastahili sahani yake, na sahani hiyo inaweza kutoka kwa mabaki mazuri ya nyumba, bila kugusa ya mutoto.

Kwa imbwa kubwa ya kilo 12 ao 15, siku moja: bugali kama ngumi mbili za mutu mukubwa, maharagi yenye kuiva vizuri konzi moja, na sambaza ao ndagala kavu konzi ndogo, mutwange na vichwa vyake, juu ya mifupa ile midogo inasaidia. Mugawe mara mbili, asubuhi na magaribi. Viazi ao ndizi ya kupika inaweza kukamata nafasi ya bugali. Wenye kutengeneza fromaji huko Masisi munamwanga maji yake kila siku. Muvuruge bugali na maji hayo, muanze na kidogo, juu imbwa isiyozoea itaharisha. Walikale, kwenye maziwa ni haba, kijiko kimoja cha mafuta ya mawese kinatosha. Sombe ni sawa ikiwa imeiva sana. Muhogo mukali mubichi hapana kabisa. Vitunguru pia hapana, vinaharibu damu ya imbwa polepole. Makayabo muloweke kwanza, chumvi yake ni nyingi. Mifupa ya kuku yenye kupikwa inapasuka kama sindano, muitupe kwenye imbwa haifikie. Imbwa yenye kunyonyesha muiongezee, hata mara mbili.

Kuna jambo moja ambalo kwetu ni kubwa kuliko hesabu ya bugali. Tukichinja, tunatupia imbwa mapafu na ini yenye malengelenge ya maji. Tunasema inashiba bure. Ndani ya yale malengelenge kuna watoto wa munyoo. Katika matumbo ya imbwa munyoo ule unakomaa, mayai yake yanatoka na mavi, yanashika majani. Mbuzi anakula majani, anarudi kuwa na malengelenge. Na mutoto mwenye kucheza na imbwa anaweka mikono kinywani, naye anaweza kupata lengelenge katika ini. Kondo la nyuma la ngombe ni vile vile: imbwa ikila kondo la ngombe mwenye kimelea, inaweza kukisambaza katika malisho, na ngombe wengine wakatupa mimba. Kiungo chenye malengelenge, pamoja na kondo, vizikwe chini sana, na mawe juu. Nyama ya tumbo iliyo safi muitokoteshe nusu saa ao zaidi, halafu iingie katika chakula. Si kazi nyingi. Sufuria ya maharagi ikitoka, moto ungali pale.

Mavuno ya sezoni B yakifika tutarudi katika zile koperative mbili. Safari hii shimo litachimbwa mbele ya kuchagua kuanza, na muhindi yenye kuoza itazikwa humo sisi wote tukiangalia. Hata kuku hatutazipa. Mama yule ametuambia amepata imbwa changa ingine, na ameuliza ianze kula bugali lini. Tulimujibu: ikimaliza juma sita, muiloweke na maji ya fromaji, kidogo kidogo, mara ine kwa siku.