Tusilipie Theluji Ambayo Haijaanguka

Kila mwaka huanza hivi. Mtu mmoja wa Aurora, hapa Colorado, anaamka alfajiri, anafungua pazia, anaona gari lake limekuwa jeupe pe, anapiga picha na kuitupia kwenye grupu la jumuiya. Kabla chai haijachemka, grupu limewaka. "Twendeni milimani!" "Watoto wameniganda, wanataka skii." "Kamati mnasubiri nini?" Na kamati, ambayo mimi nimo, hukurupuka.

Mwaka jana tulikurupuka haswa. Familia tisa, nyumba moja kubwa ng'ambo ya handaki la Eisenhower, siku tatu kuanzia kesho yake ya Thanksgiving, malipo yote mbele na hakuna kurudishiwa hata senti. Tulilipa mwanzoni mwa Oktoba kwa kuwa bei ilikuwa ya kuvutia. Tulipofika, mlima ulikuwa wa kahawia kama Dodoma mwezi wa Septemba, na katikati umepita utepe mmoja mweupe kutoka juu hadi chini. Huo ndio mteremko pekee uliokuwa wazi. Kilima cha wanaojifunza kilikuwa kimefungwa. Wajuzi wa jimbo zima, wenye pasi za msimu na hamu ya miezi sita, walikuwa wanashuka kwenye utepe huo kwa mwendo wa bodaboda anayewahi abiria, na sisi tulikuwa na watoto kumi na wanne ambao hakuna hata mmoja aliyewahi kuvaa skii. Wangu wa miaka saba alisimama pembeni, miguu imebanwa kwenye buti ngumu kama mtu aliyefungwa plasta, akaniuliza, "Mama, sasa sisi tunateleza wapi?"

Tulirudi ndani, tukapika pilau, tukacheza karata siku tatu.

Simlaumu mweka hazina wetu, ambaye hadi leo akisikia neno theluji hubadilisha mazungumzo. Kosa lilikuwa letu sote, nalo ni la kuangalia dirisha. Sisi wa Denver na Aurora tunadhani theluji iliyotuangukia imeanguka na mlimani. Mara nyingi sivyo. Theluji nzito ya huku chini huja pale upepo unapovuma kutoka mashariki, ukasukuma unyevu wa tambarare kuelekea vilimani. Hewa inapanda, inapoa, inatumwagia sisi. Ya milimani kwa kawaida hutoka magharibi, inasafiri kutoka Pasifiki, inamwaga mzigo wake kule juu na kutufikia ikiwa upepo mtupu. Ndiyo maana Aurora inaweza kuwa nyeupe huku milima ya katikati ya jimbo imepata kidogo tu, na siku nyingine kule wanazama ilhali huku watu wameanika nguo nje.

Na hata ya huku chini haina adabu. Waliokuwapo mwaka 2020 watakumbuka: tarehe 5 Septemba joto la Denver lilifika nyuzi 101 za Farenhaiti, yaani zaidi ya 38 za Selsiasi, na tarehe 8 theluji ikaanguka. Siku tatu tu. Mwaka uliofuata tukangoja, tukangoja, hadi tarehe 10 Desemba 2021 ndipo ikaanguka ya kwanza ya kupimika, iliyochelewa kuliko zote katika kumbukumbu za mji huu. Mwenyeji atakayekuambia "theluji huanza mwezi fulani" msikilize kwa heshima, lakini usimpe pesa.

Sasa nieleze jambo nililojifunza baada ya aibu ile, kwa sababu nadhani ndilo litakalotuokoa. Theluji ya kwanza ya msimu kwenye viwanja vya skii vya Colorado, ile ya Oktoba na Novemba, kwa sehemu kubwa haitoki mawinguni. Inatengenezwa. Wenye viwanja wana mizinga inayopuliza maji na hewa iliyoshindiliwa. Matone madogo yanaganda yakiwa hewani na kutua yakiwa theluji, ngumu kidogo kuliko ya Mungu. Kinachotakiwa ni baridi, ila baridi ya namna yake. Kama bibi yako alikuwa na mtungi jikoni, unaijua siri hii tayari. Maji ya mtungi hupoa kwa sababu udongo unayavujisha kidogo kidogo na hewa inayakausha. Hewa ikiwa kavu mtungi unapoza vizuri, mvua ikitanda maji yanabaki vuguvugu. Tone linalotoka kwenye mzinga hupoa kwa njia hiyohiyo. Usiku mkavu wanaweza kutengeneza theluji hata kipimajoto kikisoma juu kidogo ya sifuri. Usiku wenye unyevu wanahitaji baridi kali zaidi.

Kwa hiyo anayetaka kujua kama kutakuwa na pa kuteleza Novemba asiulize mawingu. Aulize usiku wa kule juu: umekuwa wa baridi na mkavu kwa siku ngapi mfululizo? Usiku tano za namna hiyo zinafaa kuliko theluji moja ya kupigia picha Aurora, ambayo saa nane mchana imeshakuwa tope.

Kuna wanaopenda kutabiri kwa El Niño na La Niña. Sisi wa Afrika Mashariki majina haya tunayajua kwa uchungu. Aliyekuwa nyumbani mwishoni mwa 1997 hasimuliwi mafuriko. Huku mwaka wa La Niña huelekea kuinufaisha milima ya kaskazini mwa jimbo, na El Niño ile ya kusini, upande wa Wolf Creek. Sisi tunaopanda kwa barabara ya I-70 tuko katikati, kwa hiyo utabiri huo unatusaidia kama dira iliyovunjika sindano. Tuuache.

Yasiyotegemea hali ya hewa ndiyo tuyapange mapema, na la kwanza ni tairi. Kuanzia Septemba hadi Mei, kipande cha I-70 kati ya Morrison na Dotsero kina sheria yake. Gari dogo lazima liwe na tairi za baridi au zenye alama ya M+S, au liwe la kuvuta magurudumu yote manne, na kwa vyovyote kashata iwe na kina cha angalau inchi 3/16, karibu milimita tano. Vinginevyo uwe na minyororo. Faini inazidi dola 130, na ukikwama hadi ukafunga njia, inapita dola 650. Wengi wetu tunaendesha magari ya kazi, ya mizigo na ya abiria, yanayokula kashata usiku na mchana. Mwaka jana tulikuwa na magari sita. Mawili tairi zake zilikuwa vipara, na wenye magari walikuwa wanajua. Safari hii mjumbe mmoja wa kamati atapita na kipimo Jumamosi moja kabla ya safari. Asiyetaka kupimwa apande gari la mwenzake, na asinune.

La pili ni mwinuko. Denver tuko mita 1,600 hivi na tumeshauzoea. Lakini uwanja wa skii wa Loveland, ninaoupendekeza hapo mbele, unaanzia karibu mita 3,300 na kileleni unakaribia 4,000. Ndugu zangu wa Moshi wanajua maana yake: kambi ya Horombo kule Kilimanjaro iko mita 3,720, na wageni hufikishwa hapo siku ya pili, kwa miguu, wakiambiwa pole pole kila hatua. Sisi tunapanda kwa saa moja na nusu, tumeshiba chapati, muziki umefunguliwa hadi mwisho, halafu tunashangaa kwa nini Shangazi anaumwa kichwa na mtoto anatapika. Maji mengi tangu jana yake, chakula chepesi, na mwenye presha au pumu amwone daktari kwanza. Maandazi yataliwa wakati wa kurudi.

Basi haya ndiyo ninayopendekeza, na wajumbe wenzangu wasiokubaliana nami watapewa nafasi toleo lijalo. Tuachane na wikendi ya Thanksgiving. Tushike Jumamosi mbili za Desemba, ya pili na ya tatu, na watu waombe ruhusa kazini kwa zote mbili. Tusikodi nyumba. Twende na kurudi siku hiyohiyo, tutoke Aurora saa kumi na moja alfajiri. Michango ikae kwa mweka hazina bila kuguswa hadi Jumatano usiku, ndipo kamati iangalie usiku za wiki nzima kule juu na orodha ya miteremko iliyo wazi, kisha iseme twende au tungoje wiki ijayo. Ni kweli tiketi zikinunuliwa mapema zaidi huwa nafuu. Hiyo nafuu ndiyo iliyotutia hasara mwaka jana.

Natamani twende Loveland kwa sababu ya familia zenye wadogo. Iko upande wetu wa handaki, kwa hiyo hatuingii kwenye foleni ya kulivuka, na sehemu ya wanaoanza, Loveland Valley, iko peke yake mbali na wenye kasi. Sehemu hiyo kwa kawaida hufunguliwa baadaye kuliko uwanja mkubwa, na hapo ndipo Jumatano yetu inapokuwa na kazi: Valley ikiwa bado imefungwa, hatuendi, hata wakubwa wakilalamika. Na tukienda, wakubwa wataona kwamba uwanja mkubwa una mteremko unaoitwa Mambo. Jina lenyewe. Nimeshawaambia watoto wangu, na sasa kila nikilitaja nyumbani wanajibu kwa sauti moja, "Poa!"

Itakuwaje Jumamosi zote mbili zikikataa? Tutaishia Georgetown, mji mdogo chini kidogo ya Loveland, kisha tuteremke Idaho Springs kwenye maji ya moto. Siyo skii, lakini watoto wetu wakiona maji ya moto yanatoka ardhini yenyewe, husahau skii kwa muda. Wenye kuswali wakumbuke kwamba siku za Desemba ni fupi. Jua hujificha nyuma ya mlima mapema, na tutaondoka saa tisa ili tusiungane na msururu wa jioni.

Vifaa tutakodi huku mjini Ijumaa jioni. Nawaombeni jambo moja dogo ambalo mwaka jana lilitupotezea saa nzima dukani, kijana wa watu akihangaika na miguu yetu ishirini na kitu huku sisi tukibishana namba za viatu za Ulaya, za Marekani na za mitumba. Buti za skii hupimwa kwa sentimita. Kila mtoto asimame bila viatu, kisigino kimegusa ukuta, juu ya karatasi. Mtie alama kwenye ncha ya kidole kirefu, mpime kwa rula, mwandike jina na namba. Soksi ni jozi moja, ndefu, ya sufu au ya nailoni, si ya pamba na si mbili. Mwanangu alivaa tatu mwaka jana, nikidhani namkinga, na miguu ikafa ganzi kwa kubanwa. Karatasi hizo zimfikie mweka hazina kabla ya mwisho wa Novemba. Mpeni na chai, bado hajatusamehe.