Kinga Inapoudhania Moyo Kuwa Adui

Juma lililopita tulieleza yanayotokea baada ya mtu kupatwa na mshtuko wa moyo: chembe nyeupe za damu hufika katika muda wa saa chache, huondoa misuli iliyokufa, na mahali pake hubaki kovu. Hapo kinga ya mwili ni kama fundi anayezoa kifusi. Leo tunaitazama kinga hiyo ikiuvamia moyo uliokuwa mzima, na mgonjwa wake mara nyingi ni mtoto wa shule.

Chanzo ni koo. Bakteria waitwao streptokoka huenea kwa urahisi pale watoto wanapolala wengi chumba kimoja, kama ilivyo katika nyumba zilizobanana milimani Igogo na Mabatini. Mwili hutengeneza kingamwili za kuwapiga, lakini baadhi ya protini za bakteria hao zinafanana na za moyo. Wiki 2 au 3 baadaye, koo likiwa limekwisha kupona na kusahauliwa, kinga ileile hushambulia viungo pamoja na valvu za moyo, yaani milango inayozuia damu isirudi nyuma. Hii ndiyo homa ya baridi yabisi, nayo huwapata zaidi wenye umri wa miaka 5 hadi 15. Leo goti limevimba, keshokutwa limepoa na kifundo cha mguu ndicho kinachouma. Nyumbani twasema kaumia mpirani. Viungo hupona, valvu hubaki na kovu, na kila shambulio jipya huongeza jingine.

Binti wa namna hiyo aweza kukua na kuolewa asijue lolote, mpaka ashike mimba. Damu mwilini huongezeka kwa karibu nusu, mlango uliosinyaa haumudu kuipitisha, naye huanza kukosa pumzi akilala chali. Ni wangapi tuliowaambia kuwa huo ni uchovu wa mimba tu?

Si kila koo linalouma ni la bakteria. Mengi ni ya virusi. Lakini koo likianza ghafla pamoja na homa na tezi za shingo kuvimba, bila mafua wala kikohozi, mtoto apelekwe zahanati. Penisilini ikianzwa hata ndani ya siku 9 huweza kuizuia homa hiyo. Tangawizi na asali hutuliza koo, hatuna ugomvi nazo, ila haziui streptokoka. Kukata kimeo hakusaidii kitu, na kidonda chake huleta hatari nyingine.

Kwa aliyekwisha kuguswa moyo, sindano ya penisilini kila baada ya wiki 3 au 4 humkinga na shambulio jipya. Kaskazini mwa Uganda, watoto 818 ambao valvu zao zilikuwa na dalili za mwanzo walifuatiliwa kwa miaka 2, na matokeo yakachapishwa mwaka 2021. Kati ya waliochomwa sindano, hali iliwazidi 3 tu. Kati ya wasiochomwa, 33. Valvu ikiharibika kabisa, linalobaki ni upasuaji, na kwa familia ya Ukerewe, hata Bugando tu ni safari ya kuvuka ziwa.

Tatizo ni kwamba sindano hiyo inauma sana, huendelea kwa miaka mingi, na mtoto anayechomwa haonekani mgonjwa. Mzazi huona huruma, akaruka mwezi mmoja, kisha miwili. Wapo pia wanaoisimamisha Ramadhani. Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu lililokutana Jeddah mwaka 1997 lilikwisha kuamua kuwa sindano ya tiba isiyo ya lishe haibatilishi swaumu. Mwenye wasiwasi na amuulize sheikh wake mapema, kabla ya tarehe iliyoandikwa katika kadi ya mtoto.